Mama Faksi na Karatasi za Watu

Wengi wa waliomcheka yule mama bado wana kazi zao. Wanaamka asubuhi, wanavaa sweta kwa sababu ya umande wa Kericho, wanapita katikati ya majani ya chai na funguo za ofisi mfukoni, na wakishaketi hawamkumbuki tena. Mimi namkumbuka. Na kila nikimkumbuka napandwa na hasira, nusu yake juu yao na nusu juu yangu mwenyewe, kwa maana mimi pia nilicheka.

Alikuwa karani wa kutuma na kupokea barua katika ofisi ya shamba kubwa la chai, upande ule wa kuelekea Bomet. Wachumaji walimwita Mama Faksi. Sisi wa ofisini tulimwita Madam mbele yake, na Mama Faksi akigeuka. Nilikaa naye chumba kimoja miaka sita, mimi nikiandika kumbukumbu za vikao na kupanga mafaili. Meza yangu ilitazamana na mlango wa msaidizi wa meneja. Yake ilitazama ukuta. Alipewa nafasi ya kuchagua, akachagua ukuta, akasema mtu anayeshika karatasi za watu hapaswi kuwa na uso wa kusomwa na kila anayepita.

Hakunywa chai. Katika nchi ambayo hata mtoto anayeanza kutembea hupewa kikombe, yeye alikunywa maji moto. Ukimwuliza anakuambia harufu anayobeba kwenye nguo kutoka kiwandani inamtosha. Mchana alifungua kibakuli chake cha mahindi na maharagwe, akala akiwa ameupa mlango mgongo, na mtu akiingia na barua wakati huo alinyoosha mkono wa kushoto kumwonyesha trei ya kuwekea, bila kugeuka. Hata meneja alionyeshwa trei.

Ile trei ilikuwa na sheria. Karatasi inawekwa kifudifudi. Haikai hapo zaidi ya anavyokaa mtu akinywa maji. Haipigwi picha. Haisomwi kwa sauti, haitajwi jina lake kwenye simu. "Karatasi ya mtu ni nguo yake ya ndani," alikuwa akisema. "Inafuliwa, inakaushwa, inakunjwa. Haianikwi barabarani." Mara ya kwanza alipoyasema hayo mbele ya manyapara, walicheka mpaka wakashika matumbo. Alisubiri wamalize, kisha akarudia maneno yaleyale kwa sauti ileile.

Mashine ya faksi yenyewe ilikuwa imekufa. Niliikuta juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, kama picha ya marehemu sebuleni. Nyaya za simu zilikuwa za shaba, na wezi walizikata kwenye nguzo mara tatu. Mara ya nne hakuna aliyekuja kuzirudisha. Lakini kampuni za bima, mawakili, hospitali kubwa na wanunuzi wa chai wa ng'ambo walizidi kuandika kwenye barua zao: tuma kwa faksi. Wakubwa wetu wakasema hakuna shida, kila mtu ana simu, piga picha utume.

Karani hakubishana. Alichukua likizo yake, ambayo wengine huitumia kwenda nyumbani kuchimba shamba, akawa anashinda mjini Kericho kwenye duka moja la kompyuta akijifunza. Aliporudi alijua faksi ya mtandao. Alimwandikia meneja barua ya kurasa mbili, akamwandikia tena, na tena. Nadhani alikubaliwa ili aache kuandika.

Jinsi ilivyofanya kazi alinieleza siku moja, kwa uvumilivu ambao hakuwa nao kwa mambo mengine. Karatasi inaingia kwenye skana. Inapanda kwenye mtandao ikiwa imefungwa, hata mtu akiidaka njiani anaona vurugu la herufi tu. Inafika kwenye namba ya faksi ya anayetumiwa, au kwenye sanduku lake la mtandao analolifungua kwa neno lake la siri. Halafu inarudi karatasi ya uthibitisho: saa, dakika, kurasa ngapi, namba gani imepokea.

"Sasa niambie," akasema, "ukipiga picha na simu ukatuma, nani anakuambia imeishia wapi?"

Nikaitazama simu yangu.

"Haiishii," akasema. "Hiyo ndiyo shida yake. Haiishii."

Manyapara waliiita faksi ya mawinguni. "Madam, leo kuna mvua, hiyo karatasi si itanyeshewa huko juu?" Mvua kwetu hunyesha karibu kila alasiri, kwa hivyo utani huo tuliusikia karibu kila alasiri. Walimwona mtu wa zamani, aliyekwama kwenye faksi wakati dunia imesonga. Na yeye ndiye mtu pekee katika ofisi nzima aliyejua mtandao unafanya nini na karatasi baada ya kubonyeza kitufe. Wao walijua kubonyeza tu. Jambo hilo linanikereketa mpaka leo, kwamba aliyejua zaidi ndiye aliyeonekana hajui, kwa sababu alikuwa na mvi na sketi ndefu na alitamka maneno ya kompyuta kwa lafudhi ya kwao ziwani.

Sitaki kumfanya malaika. Mdomo wake ulikuwa kiwembe. Siri ya mtu ilikuwa salama kwake kuliko benki, lakini mtu mwenyewe akisimama mbele yake hakuwa salama hata kidogo. Sisi Wakipsigis wakati mwingine ulimi unachanganya b na p, na mimi huwa nachanganya hata kwenye kalamu. Wiki yangu ya kwanza nilimpelekea barua ya hospitali niliyoiandika mwenyewe. Aliishika mbele ya wapiga chapa wawili na dereva.

"Hii ni matibabu ama mapapai?" akauliza. "Naona umeandika matipapu."

Dereva aliniita Papai kwa miaka miwili. Sikumsamehe upesi. Ninasema ukweli, sehemu ya kicheko changu juu ya faksi ya mawinguni ilitoka hapo, nilikuwa nalipiza. Baadaye alinipa kamusi yake, kuukuu, jalada limeng'oka. Aliiacha juu ya meza yangu bila neno, na nilipomwambia kongoi akajibu kwamba hana haja na shukrani, ana haja na b.

Alidai hasomi karatasi anazotuma. Hilo sikuliamini. Alikuwa na tabia ya kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini akiskani, ukurasa baada ya ukurasa, na siku nyingine wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Ungesikia skana peke yake. Kisha baada ya kitambo angeuanza wimbo upya, tangu mwanzo. Hakusema kamwe aliona nini. Ila ukiwa makini, siku mbili baadaye ungemwona akimsalimia mchumaji fulani kwa mikono miwili, yeye ambaye kwa kawaida alisalimia kwa kidevu.

Na ingawa alipenda sheria, alizivunja. Fundi mmoja wa boila alichomwa na mvuke kiwandani, akakimbizwa hospitalini, na hospitali ikataka karatasi ya bima kabla ya kumhamishia Nairobi. Karatasi ilihitaji saini ya meneja. Meneja alikuwa kwenye uwanja wa gofu na simu ameizima. Karani alingoja nusu saa akitazama saa ya ukutani. Kisha akaandika kwa mkono chini ya ukurasa, "Nimetuma bila saini ya meneja. Makosa ni yangu," akaweka jina lake, akatuma. Fundi alihamishwa siku hiyohiyo, na yuko hai. Barua ya onyo ilipomfikia Karani, aliigonga mhuri wa Imepokelewa, akaitoboa matundu mawili, akaitia kwenye faili lake mwenyewe kwa kufuata tarehe.

"Hukukasirika?" nikamuuliza.

"Kwani imeandikwa uongo? Nilivunja. Wameandika nimevunja." Akafunga droo. "Kitu kinaniuma ni kuandikwa uongo. Hiyo ndiyo siwezi beba."

Hayo ndiyo aliyoniambia, mimi mwandishi wa kumbukumbu za vikao. Aliniambia nikiwa nimeshika kalamu.

Kulikuwa na mama mmoja mchumaji, mwembamba, wa kutoka upande wa Kiptere, anaishi kwenye nyumba za wafanyakazi na mumewe na watoto wawili. Tangu alipojifungua mtoto wa pili alikuwa na ugonjwa wa kuvuja mkojo. Ni ugonjwa unaotibika kwa upasuaji, na wanawake wengi huuficha mpaka unawamaliza. Yeye alivaa nguo mbilimbili, akachagua mistari ya pembeni shambani, akasema ni mgongo. Mwishowe alimwambia nesi wa zahanati ya shamba. Nesi akaandika ripoti ya kumpeleka kwa madaktari bingwa, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akaileta ofisini isainiwe na msaidizi wa meneja kisha itumwe kwa faksi.

Niliiona bahasha ikiingia mlango ule. Niliona msaidizi wa meneja akiichana, akisoma, midomo yake ikivutika upande. Niliona akiinua simu juu ya karatasi. Nilidhani anajiwekea nakala. Hapana, hapo naongopa. Nilijua anafanya nini, kwa sababu alikuwa akicheka peke yake, na mtu hacheki anapojiwekea nakala.

Aliitia kwenye kundi la simu la wasimamizi, na maneno: "Ndiyo sababu kilo zake hazifiki." Kisha akaisaini, akatoka, akaiweka kwenye trei ya Karani. Kifudifudi, kama sheria ilivyosema.

Karani aliskani. Wimbo ulikatika. Akatuma.

Kufikia wakati wa kupima majani mchana, shamba zima lilikuwa na ile picha. Nilisikia baadaye kwamba kwenye foleni ya mizani wanawake walisogea, wakaacha nafasi mbele yake na nyuma yake, na nyapara mmoja akauliza kwa sauti kama kikapu chake kimelowa kwa umande au kwa kitu kingine. Aliuacha mzigo wa majani palepale kwenye mizani, akaja ofisini na gambuti zake za mpira miguuni. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Madam," akasema, "ni wewe ulitoa?"

Karani alisimama. Alikuwa bado hajui kuna picha. Mmoja wa wapiga chapa akamwonyesha simu, na niliona uso wake ukijikusanya polepole kama ngumi.

"Si mimi," akasema. "Lakini imetoka kwetu."

"Hata bwana yangu sikuwa nimemwambia jina ya hiyo ugonjwa."

"Najua."

"Sasa amesoma kwa simu ya nyapara."

Karani alivuka chumba, akamshika mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nimeinamia faili ambalo halikuwa na chochote ndani. Kabla ya mvua ya alasiri, yule mama alikuwa barabarani akielekea kwao, godoro kichwani na mtoto mgongoni, na wa pili amemshika sketi.

Aliyeitisha kikao ni Karani mwenyewe. Watu wengi hawalijui hilo, wanafikiri aliitwa. Aliandika barua kwa meneja akitaka ichunguzwe ni nani aliyepiga ile picha. Siku tatu baadaye akajibiwa kwamba kikao kitakuwepo, na ajenda ni uzembe wa karani katika matumizi ya mtandao usioaminika.

Walikuwepo meneja, msaidizi wake, nyapara mkuu, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, Karani na mimi wa kuandika. Msaidizi alianza.

"Huo mtandao wako umevuja."

"Umevuja wapi?" akauliza Karani.

"Huko mawinguni kwako." Nyapara mkuu akacheka. Mwakilishi wa chama akatazama dirishani.

Karani alitandika karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa uthibitisho wa faksi. "Kurasa tatu," akasema. "Zimetumwa saa nne na dakika arobaini na mbili, zimepokelewa na namba moja, ya hospitali. Picha iliingia kwa kundi lenu saa nne na dakika kumi. Naomba mtu anieleze vile karatasi inaweza kuvuja nusu saa kabla sijaituma."

Akaisogeza ya pili, picha yenyewe, aliyoitoa kwa printa. "Na tuangalie hapa chini. Karatasi niliyotuma ina saini yako, bwana msaidizi. Hii ya kwa picha, mahali pa saini pako wazi. Kwa hivyo ilipigwa kabla hujasaini. Na kabla hujasaini ilikuwa kwa bahasha, na bahasha ilikuwa kwa meza yako."

Nimekaa vikao vingi. Sijaona tena hoja iliyosimama wima namna hiyo, bila matusi, bila kupaza sauti. Msaidizi wa meneja alikuwa ameganda. Kama ningefungua mdomo wakati ule, kwa neno moja tu, "Niliona," mambo yangeishia hapo. Mlango wake ulikuwa mbele ya meza yangu kwa miaka sita, kila mtu chumbani alijua hilo. Meneja aligeuka akanitazama. Nadhani alikuwa akipima. Niliangalia daftari.

Nilikuwa na sababu. Nilikuwa nimepewa nyumba ya wafanyakazi wa ofisi, mke wangu alikuwa mjamzito, na kazi za ofisini huku kwetu unajua zilivyo. Kila mwoga ana sababu, na zote huwa nzuri.

Meneja akakohoa. "Hatuko hapa kushtaki wasimamizi," akasema. Kisha kwangu: "Andika. Karani ameshindwa kueleza jinsi taarifa za siri zilivyotoka mikononi mwake."

Nikaandika. Nilitumia b zote mahali pake.

Walimpumzisha. Hilo ndilo neno walilotumia, kana kwamba alikuwa amewaambia amechoka. Akafungasha kibakuli, kikombe cha maji moto na kile kitambaa cha kufuma. Aliondoka bila kuaga mtu, ila alipofika kwenye meza yangu alisimama.

"Uliandika?"

"Niliandika, Madam."

"Uliandika nini?"

"Yaliyosemwa."

Akanitazama, akatoka. Wiki iliyofuata tulitangaziwa kuwa karatasi zote sasa zitumwe kwa simu, ni haraka zaidi.

Mnaotaka kujua mambo yaliishaje, niseme hapa. Faksi ilifika. Madaktari walimpigia yule mama simu, wakampa tarehe, akapasuliwa, akapona, na watu wa Kiptere wananiambia amepanda chai yake mwenyewe kwenye kipande cha baba yake, wala harudi kwenye shamba la mtu. Alipata wakili. Mwaka jana shamba lilimwandikia barua ya kumwomba radhi, yenye mhuri, na likamwandikia Karani barua nyingine ya kufuta yale maneno ya kikao. Mume wa yule mama hakurudiana naye. Msaidizi wa meneja alihamishwa, akapewa shamba lake mwenyewe la kusimamia, karibu na mjini. Mimi mkataba wangu ulipoisha haukuendelezwa. Siku hizi nafuga ng'ombe wanne na kuandikia kanisa letu kumbukumbu. Silalamiki. Kinachonichoma ni kwamba barua mbili na uhamisho ndiyo bei ya kumvua mtu nguo mbele ya shamba zima.

Lakini kabla ya hizo barua nilionana na Karani mara moja tena, na bila siku hiyo zisingeandikwa.

Ilikuwa Kapkatet, mwaka na zaidi baada ya kikao. Bado nilikuwa kazini. Mama yangu alikuwa na macho yanayofifia, na daktari pale hospitalini aliniambia karatasi zake zitumwe kwa faksi kwa daktari wa macho kule Nakuru. "Kuna mama ana chumba hapo nje ya geti," akasema. "Peleka kwake. Kwa wengine zinapotea."

Kilikuwa chumba cha mabati chenye benchi nje, chini ya paa lililotokeza kuzuia mvua. Watu watatu walikuwa wameketi na bahasha zao magotini. Ndani alikuwa yeye, mvi zimeongezeka, meza imetazama ukuta. Zamu yangu ilipofika alinyoosha mkono wa kushoto. Nikampa karatasi.

"Ngapi?"

"Nne, Madam."

Alijua ni mimi. Aliskani, akatuma, tukangoja, akanipa uthibitisho. Sikuondoka.

"Iko kitu ingine?" akauliza.

"Nilitaka kuomba msamaha."

"Ya nini?"

"Ya ile siku."

"Siku ziko nyingi."

Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati. Ilibidi nipaze sauti kuliko nilivyotaka. "Nilimwona akipiga picha. Nilikuwa nimekaa pale. Niliona kila kitu."

Mikono yake ikaacha kufanya iliyokuwa ikifanya. Aligeuza kiti chote, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Yule mama ana wakili, hapo Kericho," akasema. "Amekaa mwaka nzima akitafuta mtu mmoja aliyeona. Mimi nimewaambia hakuna. Nimewaambia kama angekuwepo mtu aliyeona, angesema."

Alivuta karatasi tupu kutoka kwenye rundo, akachukua kalamu iliyokuwa kando ya kompyuta, akaniwekea zote mbili ukingoni mwa meza.

"Andika."

"Sasa hivi?"

"Watu wanangoja. Andikia huko kwa benchi."

Niliketi kati ya mzee mmoja na mama aliyeshika bahasha kubwa ya picha za eksirei, nikaandika nusu ukurasa juu ya goti. Niliandika siku, mlango, bahasha, simu, kicheko. Nikasaini, nikarudi ndani.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea. Aliangalia ukuta mpaka nikamaliza.

"Na siku ya kikao ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Haimo."

Nikaitazama karatasi.

"Kumbukumbu ya kikao iliandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Ilikuwa kweli?"

"Hapana, Madam. Niliambiwa niandike."

"Hiyo pia haimo." Akanirudishia karatasi. "Umeandika makosa ya mtu mmoja. Walikuwa wawili."

Nikarudi kwenye benchi. Mzee alisogea kunipa nafasi bila kuuliza. Nusu ile ya pili ilinichukua muda mrefu kuliko ya kwanza. Maneno yalikuwa machache, lakini kila moja lilikuwa na jina langu. Nilipomaliza nikaandika namba ya kitambulisho, nikasaini mara ya pili. Safari hii hakuniambia nimsomee. Alitazama kama saini iko na namba iko, akaiweka kwenye skana, kisha akaacha kidole juu ya kitufe.

"Nikituma haiwezi kurudi. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Usinijibu haraka. Una nyumba yao. Una mtoto sasa, nilisikia."

Nikafikiria nyumba. Nikafikiria mke wangu, ambaye sikuwa nimemwambia lolote juu ya kikao kile. Nje, watu kwenye benchi walikuwa wameacha kuongea.

"Tuma," nikasema.

Akatuma. Tulingoja, mvua ikipiga, mpaka printa ikatoa karatasi yake. Akaisoma namba tarakimu kwa tarakimu, akailinganisha na ya wakili, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Kisha akaninyooshea mkono.

Niliguswa sana. Nikaunyoosha wangu, nikaushika wake kwa mikono yote miwili, nikaanza kusema kongoi.

"Kalamu," akasema. "Nataka kalamu yangu. Mwingine anaingia."